Mwenyekiti wa mtaa anafanya nini kwenye dodoso la maoni ya wananchi?

Wakuu, hili limenikera sana.

Juzi vijana wa utafiti wa maoni wamefika kwa mama mkubwa. Kishkwambi mkononi, kitambulisho shingoni, adabu zote. Wameongozana na mwenyekiti wa mtaa. Utaratibu naujua: unaripoti na barua ya utambulisho, anakuonyesha kaya, anaenda zake. Huyu hakwenda. Alivuta kigoda akaketi karibu kabisa na mama mkubwa, akakaa hapo mpaka swali la mwisho.

Kijana akasoma kwamba majibu yote ni siri. Siri ipi? Kisha akauliza huduma ya maji ikoje. Mama mkubwa, aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya ndoo, akamtupia jicho mwenyekiti. "Nzuri, tunashukuru." Utendaji wa diwani? "Anajitahidi sana." Kijana akabonyeza, akaendelea. Hakuthubutu hata kumwambia yule mzee, shikamoo, tunaomba utupishe kidogo.

Msiniambie ni mtu mmoja tu. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, hapa kwetu huhoji watu kama 2,400 kwa niaba ya watu wazima wa nchi nzima, kwa hiyo kila mhojiwa amebeba maelfu nyuma yake. Na ile asilimia 2 ya makosa wanayotangaza kwa sampuli ya ukubwa huo ni ya bahati ya kuchagua watu. Hofu haimo. Ukihoji watu 2,400 na wote wanamwangalia mwenyekiti, hesabu itatoka safi kabisa na itakuwa ya uongo.

Na hofu hii ina historia. Mwaka 2016 Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa shirika la kiraia la Twaweza, ilisema asilimia 96 wanaukubali utendaji wa Rais Magufuli. Sikusikia mtu akiuliza kibali. Mwaka 2017 ikawa 71. Julai 2018 ikatoka 55, na siku chache baadaye COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikawaandikia Twaweza barua ya kutaka maelezo kuhusu kibali cha utafiti. Mkurugenzi wa Twaweza akanyang'anywa pasipoti. Septemba mwaka huohuo Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu: ukichapisha takwimu za kupotosha zile rasmi, faini isiyopungua milioni 10 au jela isiyopungua miaka mitatu. Mwaka 2019 wakalegeza, lakini ujumbe ulishafika mpaka uani kwa mama mkubwa.

Afrobarometer wenyewe humalizia dodoso kwa kumuuliza mhojiwa: unadhani nani ametutuma? Wapo wengi wanaojibu serikali. Sasa ukija na mwenyekiti, unategemea wajibu nini?

Na dawa ipo, ndiyo maana nina hasira. Haohao Afrobarometer humtaka mdodosaji ajaze kama kulikuwa na mtu mwingine anayesikiliza. Basi kila kampuni ijaze hivyo, na ripoti itangaze mahojiano mangapi yalifanyika kiongozi akiwa amekaa pale. Hayo yatolewe kwenye hesabu au yarudiwe. Gazeti likipewa asilimia bila maelezo hayo, lisiziweke ukurasa wa mbele.

Mliowahi kufanya udodosaji humu, naomba mnijibu: mwenyekiti akigoma kuondoka, msimamizi huwaambia mfanye nini?