Usukani wa NZE unatetemeka kuanzia kilomita 90, nianzie wapi?

Mwenye_NZE: Wadau, gari ni Toyota Corolla NZE121 ya 2004. Kwenye foleni za mjini halina neno. Nikishika Thika Road, likifika 90 usukani unaanza kutetemeka, kwa 100 ndiyo unazidi, karibu na 110 unatulia kidogo. Nikikanyaga breki hakibadiliki kitu. Alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) imefanywa wiki jana na bado. Fundi mmoja anataka nibadilishe raki ya stering (chuma kinachogeuza magurudumu), mwingine shock absorber za mbele. Sitaki kununua spea kwa kubahatisha.

Bisibisi: Raki iache kabisa. Alaimenti nayo hutibu gari linalovuta upande au linalokula tairi upande mmoja, haitibu mtetemeko. Mtetemeko unaokuja na kupungua kwa kasi fulani unatoka kwenye kitu kinachozunguka kikiwa na uzito usiolingana. Ukiusikia mikononi, shuku magurudumu ya mbele. Ukiusikia kitini, ya nyuma.

Kabla ya kulipa mtu, weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, piga jeki mbele na uweke stendi. Zungusha gurudumu polepole huku umeshikilia chaki karibu na tairi bila kuligusa. Pengo likipanuka na kufinyana, tairi si duara au rimu imepinda. Kisha simamisha gurudumu, pitisha kiganja ubavuni mwa tairi, na upande wa ndani pia, maana huko hakuna anayeangalia. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi kwa shimo la barabarani. Kwangua pia tope lililokauka ndani ya rimu, na utafute alama ya gundi mahali kipande cha balansi (kizito kidogo cha kusawazisha gurudumu) kilipobanduka.

Ukienda kwa balansi, vipande vyote vya zamani vitolewe kwanza. Mashine ikidai gramu 80 kwa gurudumu moja, usikubali kubandikiwa tu; tairi au rimu ndiyo mgonjwa.

Gia_ya_Tano: Naongeza rimu. Kama si zilizokuja na gari, pima tundu la katikati. Habu ya NZE (kitovu ambacho rimu huvikwa) ni milimita 54.1, na rimu nyingi za kununua kando zina tundu kubwa zaidi. Hapo gurudumu linakaa kwa kutegemea nati pekee, na likikaa pembeni kidogo tu, balansi ya mashine inakuwa kazi bure.

Mwenye_NZE: Rimu ni za kununua kando, tundu limesoma 67.1. Tairi la mbele kushoto lina uvimbe ubavuni upande wa ndani, mkubwa kama nusu ndimu.

Bisibisi: Tairi hilo lisirudi barabarani, hata nyuma. Linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Weka spea taya sasa hivi, kisha ununue mawili mapya ya mbele. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. La mtumba lenye miaka minane ni hasara hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa.

Gia_ya_Tano: Nunua na pete za plastiki za 67.1 kwa 54.1, nne, zijaze pengo kati ya tundu la rimu na habu. Sugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya kabla ya kuzivisha. Nati zikazwe kwa kukingamana gurudumu likiwa bado hewani, halafu umalizie chini kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), 103 Nm. Yule wa bunduki ya upepo mzuie, kukaza bila mpangilio kunaweza kupinda diski ya breki.

Ukibaki mtetemeko baada ya hapo, inua tena. Tikisa gurudumu ukilishika kushoto na kulia, ukiona mchezo ni tairodi endi (kiungo cha usukani). Juu na chini, boljointi (kiungo cha gurudumu) au bearing. Hizo zikilegea hukuza mtetemeko mdogo. Mtetemeko ukija tu unapokanyaga mafuta, angalia sivi jointi (viungo vya ekseli inayozungusha gurudumu) za ndani. Za nje zenyewe hulia ta-ta-ta ukikata kona.

Mwenye_NZE: Shukrani wakuu. Jumamosi naanza na tairi na pete, nitaleta majibu.