Naomba ushauri: sauti inakauka jukwaani

Wakuu, habari za kufunga mwaka. Mimi ni mwigizaji wa kujitolea, tuna kikundi cha mtaani hapa Dar. Mwaka huu tumecheza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, mara nne, na Kinjeketile mwenyewe nilikuwa mimi. Mazoezini nampata kabisa. Lakini onyesho la mwisho, pale gerezani Kinjeketile anapokataa kusema kuwa maji yake ya kuzuia risasi yalikuwa uongo, koo likakauka, waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Imeniuma sana, maana tamthilia nzima inasubiri pale. Desemba hii nimeisoma upya mara mbili. Maneno ninayo, tatizo ni pumzi. Mliozoea jukwaa la wazi bila vipaza sauti, mnafanya mazoezi gani? Na siku ya onyesho mnakula saa ngapi? Januari tunarudia.