Lochi yupi atazaliana Mbeya bila kunimalizia luku?

Mchanga_Laini (Forest, Mbeya)
Wakuu, habari za jioni. Nina tenki la lita 120 sebuleni, lilikuwa la gapi (samaki wadogo wa rangi), sasa limebaki na konokono tu. Nataka lochi, wale samaki wa kukaa chini ya tenki, na si wa kutazama tu: nataka watage, nilee vifaranga mwenyewe. Shida ni baridi. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai iliyopita alfajiri nilipima maji bila hita yakasoma nyuzi 15. Hita ya wati 100 inawaka karibu usiku kucha. Nimebaki na watatu: kuli (yule kama mkunga mdogo mwenye mistari), dojo, na Sewellia, yule bapa anayeng'ang'ania kioo. Nani amewahi kupata vifaranga, na wa nani? Ya muuza duka nimeshayasikia, kaniambia wote wanazaa kama sungura.

MamaTenki (Kihesa, Iringa)
Kuli nimefuga miaka sita, wa tatu ndio nikapata vifaranga, tena kwa bahati. Naosha sponji ya filta kwenye beseni, naona kiuzi cheusi kinajinyonga. Nikadhani mnyoo, karibu nimwage. Nikaweka kwenye glasi, nikamulika na tochi ya simu: kumbe ana mistari tayari! Walikuwa saba.
Baadaye ndio nikaelewa. Jike akijaa mayai tumbo linaonekana la kijani, maana mayai yenyewe ni ya kijani kweli, na anataga juu karibu na uso wa maji, kwenye mizizi ya majani yanayoelea. Yanaanguliwa kwa siku moja hivi, ila wenzake wote wanayafuata na kuyala. Yaliyofyonzwa na filta ndiyo yaliyopona. Ukitaka kuli weka kundi, wanane kwenda juu, maji laini ya nyuzi 26, na subira. Hapangiwi ratiba huyu.

Ndizi_Mzuzu (Kyela)
Nyuzi 26 ndiyo hali yetu huku kwetu, hita sijawahi kununua 😀 Kuli wangu wametaga mara mbili, zote baada ya kubadilisha maji kwa maji ya mvua. Lakini maji yaliyokingwa kwenye paa lenye bati jipya usiyatumie, zinki inaua samaki. Na mvua ya kwanza iache ioshe paa.

Baridi_Njombe
Mnamhangaisha mtu wa Mbeya na samaki wa joto. Dojo anaitaka baridi hiyohiyo. Asipopata miezi ya baridi hatagi vizuri. Maji yakianza kupata joto Septemba ndipo dume anamzungukia jike mwili mzima kama kamba, na mayai yanatawanyika kwenye majani. Dume utamjua kwa mapezi ya kifuani, marefu na yamechongoka. Ya jike ni mviringo. Vifaranga vikitoka vina matamvua ya nje, kama manyoya pembeni mwa kichwa. Kitu kizuri kukiona.
Na mvua ikikaribia, hewa ikishuka mgandamizo, anahangaika tenki zima. Mke wangu huwa anamtazama kabla ya kuanika nguo.

MamaTenki
Mkuu mbona huwaambii ukubwa wake? Anapita sentimita 20, anaruka mfuniko ukiwa na upenyo, na lita 120 kwa kundi la dojo ni chumba cha kupanga. Halafu samaki anayeishi bila hita Njombe ataishi pia mto Kiwira akitupwa huko. Kule Marekani na Australia walishamtupa mitoni, sasa hatoki. Ukimchoka usimpeleke mtoni, tafadhali.

Baridi_Njombe
Hilo nakubali dada, kwa mikono miwili.

Mawe_ya_Uyole
Mimi ni Sewellia. Asili yake Vietnam, vijito vya mawe na maji yanayokwenda kasi, nyuzi 20 hadi 24. Dume ana kichwa cha pembepembe, jike amejaa nyuma ya kichwa. Wanataga kwenye changarawe, na vifaranga hubaki humohumo kati ya mawe wakila ukoko wa kijani. Wazazi hawawasumbui sana. Mimi huweka kokoto kwenye ndoo ya maji dirishani wiki tatu, zikiota ukoko naziingiza tenki, nyingine zinachukua nafasi dirishani. Kazi ya ulezi ni hiyo.
Ila hapa mpige hesabu vizuri. Huku juu maji yanashika oksijeni pungufu, karibu moja ya tano chini ya pwani kwa joto lilelile. Sewellia bila mkondo anakufa wa kwanza, kwa hiyo pampu haizimwi. Umeme ukikatika usiku, hita huwezi kuiendesha kwa betri ya sola mpaka asubuhi, pampu ya wati 10 unaweza. Hiyo ndiyo tofauti niliyoifuata mimi.

Ndizi_Mzuzu (Kyela)
Na lochi klauni? Kuna mtu ananiuzia wanne.

Mawe_ya_Uyole
Wa Sumatra na Borneo, anafika sentimita 30. Mashambani wanamdunga homoni ndipo atage. Nyumbani sahau.

Mchanga_Laini
Nimewasoma wote. Naenda na Sewellia, betri ya sola ninayo tayari. Hita naiuza, mwenye kuitaka aje Forest.

MamaTenki
Usiuze mwanangu! Umesema mwenyewe Julai maji yanafika 15, huyo anataka 20. Kupandisha nyuzi tano si sawa na kupandisha kumi na moja za kuli, luku utaiona tofauti. Ukizima kabisa utaokota maiti asubuhi.

Mchanga_Laini
Shikamoo mama, basi hita inabaki, naifunga 20. Kokoto nimeshaziweka kwenye ndoo. Na wale konokono?

Mawe_ya_Uyole
Waache. Sewellia hana habari nao.