Premio: rimu 17 zitafaa njia ya Amani?

Ngamiani_T: Wakuu, Toyota Premio yangu ina tairi za 195/65R15 (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15). Nataka 215/45R17, ila kila wiki napanda Muheza hadi Amani, milimani huku Tanga, njia ya mawe. Itanitesa?

Fundi_Chumbageni: Itakutesa, mkuu. Kipenyo cha tairi kinapungua kidogo tu, milimita 634 hadi 625. Shida ni kimo cha ubavu wa tairi: kutoka milimita 127 hadi 97. Jiwe likiubana kwenye ukingo wa rimu, nyuzi za ndani zinakatika, tairi linaota kinundu. Hapo hakuna kiraka, ni kutupa.

Bombo77: Kona atazikata vizuri lakini! Kati kwa kati ni 205/55R16, kipenyo 632. ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaofungwa kwenye gari) isitofautiane sana na ya rimu za zamani, la sivyo tairi litasugua madigadi.

Fundi_Chumbageni: Sawa, ila shokapu kwanza. Zikivuja, hata hizo 15 zitadunda.