Naomba ushauri: kufukia koili za sumaku Newala kwa ajili ya kuchuja mawimbi ya Schumann

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Tunataka kufukia koili mbili Newala, moja ielekee kaskazini–kusini, nyingine mashariki–magharibi, kupima mawimbi ya Schumann (mawimbi ya sumakuumeme yanayozunguka dunia, karibu 7.8, 14 na 20 Hz) ili kujaribu kuyachuja kwenye data za vituo vya mawimbi ya mvutano (gravitational waves). Yanatokana na radi za dunia nzima, kwa hiyo hugusa Hanford na Livingston (vituo viwili vya LIGO, Marekani, vya kunasa mawimbi ya mvutano) kwa pamoja, ingawa vituo hivyo vimeachana takriban kilomita 3,000. Ndiyo maana kulinganisha data za vituo viwili hakuyaondoi. Yanajifanya mvumo hafifu wa mawimbi ya mvutano. Kusogeza data za kituo kimoja kwa sekunde 1 nako ni bure: kunafuta mvumo na Schumann vyote.

Shida kubwa ni mikorosho. Upepo ukiipiga, mizizi hutikisa ardhi, na koili ikitikisika ndani ya usumaku wa dunia hutoa volti za uongo. Kina cha mita 1 kinatosha, au tuhame miti kabisa?

Kelele ya umeme wa gridi (50 Hz) je, tuichuje kabla ya amplifaya isije ikazidiwa? Na kichujio cha Wiener (hesabu inayokadiria kelele kutokana na data za koili ili iondolewe) kikiwa na vigezo vingi mno humeza hata ishara. Mnakipima kwa data ambazo hakikufunzwa nazo, au vipi?