Mrejesho: Mtoto kuendelea kuharisha baada ya Flagyl

Wakuu, niliuliza kwa nini binti yangu bado anaharisha wakati dozi ya amiba ameshamaliza, na kama dawa za minyoo nazo huua bakteria wazuri wa tumbo. Asanteni mno kwa majibu.

Tumerudi kwa daktari, choo kikapimwa upya, amiba hawapo. Kumbe metronidazoli, ndiyo hiyo Flagyl, haiishii kwa amiba na giardia (kijidudu kingine cha tumboni). Inaua pia bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, na hao ndio wengi kabisa kwenye utumbo mpana. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wanainunua dukani kila tumbo likisokota, bila kupima.

Albendazoli, dawa ya minyoo, ni habari nyingine: inavuruga protini za mnyoo mwenyewe hadi ashindwe kunyonya sukari, afe. Ila minyoo wakishatoka, mchanganyiko wa bakteria nao unaweza kubadilika.

Binti hakuongezewa antibiotiki, alipewa ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) na zinki tu. Ile ladha ya chuma mdomoni iliyoletwa na Flagyl, iliyomfanya asukume hata kikombe cha uji, imekwisha. Choo kimeshikamana, na uji wa ulezi anauomba mwenyewe.