Yule fundi wenu wa giaboksi kanusa mafuta yaliyoungua kaniambia "hiyo harufu ya upya bosi"

Wakuu nachapa huu uzi nikiwa nimesimama, kukaa siwezi kwa hasira. Mnamjua, msijifanye hamumjui, yule yule mliyenielekeza humu humu "nenda kwa yule, hizo giaboksi za auto anazichezea kama bao", yule mwenye ovaroli safi kuliko koti la daktari. Fundi giaboksi ovaroli haina hata tone la oili, hapo ndo nilitakiwa nigeuze gari nirudi kwangu.

Gari yenyewe Toyota IST ile ya mwanzo, gia nne, siyo ndege. Kakaa nayo wiki tatu, kashusha giaboksi kaichambua kama kuku wa sikukuu, pleti za klachi mpya, sili mpya, laki tisa yangu ikaenda, nikaambiwa bosi hii utamrithisha mtoto. Siku kumi na moja. KUMI NA MOJA. Leo natoka mjini naanza kupandisha Kimara, nakanyaga, resi inapanda mpaka elfu nne inalia kama blenda, gari iko palepale, taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, ile ikipepesa ujue giaboksi ina shida, inanikonyeza, daladala nyuma wananiimbia honi, kuna jamaa wa toroli la mihogo kanipita huku ananionea huruma.

Nikampigia, kaja na boda ambayo nimelipa mimi. Kachomoa dipstiki. Mafuta yanayotakiwa kuwa mekundu yamekuwa kahawa ya kijiweni, yananuka ubwabwa uliosahaulika jikoni. Akanusa. Akafumba macho wakuu, AKAFUMBA MACHO, akasema "hiyo harufu ya upya bosi, pleti zinazoeana."

Harufu ya upya!! Mimi nimelelewa na bibi anayepikia kuni, kitu kikiungua nakijua nikiwa getini. Halafu akaongeza eti mguu wangu mzito. Sawa, mguu nimekubali. Ila mtu na pua yake, ananusa moshi, anafumba macho kama amepewa udi, harufu ya upya??

Tochi_Mbovu: Uzi wa harufu bila picha, tutanusaje mkuu

Mama_Kijungu: Pole baba. Wangu alirudi saa nane usiku ananukia pafyumu ya kike akaniambia hiyo harufu ya ofisi. Nadhani walisoma darasa moja.

SpanaKumiNaNne: Mtoa mada usiiendeshe tena, ivute. Mafuta kuwa meusi na kuungua ndani ya siku 11 maana yake pleti zinaliwa. Nijibu, asubuhi ikiwa baridi inashika vizuri halafu ikichemka ndo inateleza? Hapo presha inapotea, mafuta yakipata moto yanakuwa mepesi yanapenya kwenye sili za ndani, pengine alizikata wakati anafunga. Tokikonveta, ile inayounganisha injini na giaboksi, alibadilisha au karudisha ileile? Na mabomba ya kupoozea yanayopita kwenye rejeta aliyasafisha? Maana uchafu wa giaboksi iliyokufa unajificha humo unakuja kuiua hii mpya. Sampo, lile bakuli la mafuta chini ya giaboksi, ifunguliwe ukiwepo. Unga mweusi kidogo siyo kesi, ukikuta vipande vya kahawia hiyo ni ngozi ya pleti, ukikuta vinavyong'aa ni chuma, anza kutafuta giaboksi used kwa wauza spea wa Gerezani. Na alikuwekea T-IV, mafuta yenyewe ya Toyota, au yale ya kwenye dumu lisilo na jina?

Mleta uzi: Spana ubarikiwe, asubuhi inashika kweli, mafuta alikuja nayo kwenye chupa ya maji ya kunywa. Ila hujanijibu, kwanini afumbe MACHO

kidume_wa_resi: Chupa ya maji na ukanyamaza 😂😂 wewe na fundi mlipatana

Shemeji_Tabata: Mguu mzito hapo fundi hajakosea. Huyu alinipa lifti mwaka jana, nilishuka nimeokoka.

Mleta uzi: We shemeji nilikupa lifti ya bure mpaka mlangoni!!

Mzee_wa_CVT: Nyie wa gia nne mnalialia. Mimi wangu kaniwekea mafuta ya auto ya kawaida kwenye CVT, hizi giaboksi za mkanda, nikamuuliza akasema "yote mekundu". Mkanda umekwisha, gari sasa hivi kuku wanatagia.

Tochi_Mbovu: "yote mekundu" 😭 huyo apewe giaboksi ya soda

Bi_Mshono: Afadhali nyie mmeharibiwa magari. Mimi nimepeleka kitenge cha harusi ya mdogo wangu wa mwisho, harusi Jumamosi, leo Alhamisi fundi ananiambia "nimekipunguza ili upungue". Mkono mmoja mrefu mmoja mfupi.

Mama_Kijungu: Dada huyo nipe namba nimpeleke wifi yangu

kidume_wa_resi: Bi Mshono huo mkono mfupi ndo fasheni, jifanye umeagiza

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, mtu KANUSA

SpanaKumiNaNne: Mtoa mada sampo umefungua?

Bi_Mshono: Fasheni gani, sherehe nzima nitakaa nimekunja mkono kama nimevunjika

Mama_Kijungu: Vaa na shali. Kuna anayejua fundi friji mwaminifu Mbagala? Langu linagandisha chini juu linachemsha

Mzee_wa_CVT: Mama Kijungu, feni ya ndani hiyo. Linatoa harufu?